Zamu ya Kukanyaga Theluji

Kayanosawa, 18 Desemba 1957

Mpendwa Mjomba Kanroku,

Nimefika, na mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo sina habari navyo tangu Jumatatu. Shule yako ya majira ya baridi ni chumba kimoja chenye jiko la kuni, ubao, na watoto wanane wanaonitazama kana kwamba nimeanguka kutoka darini. Iko nje kidogo ya kijiji, na mlima unaanzia nyuma ya ukuta wake, mweupe mtupu, bila mti hata mmoja. Siku ile uliponisifia kazi hii huku ukinilisha figili za mkaza mjomba, habari za huo mlima ulizisahau.

Nimepewa chumba kwa mkuu wa kijiji, Bwana Jinpachi, na mkewe Bi Ine. Ni watu wa kucheka, na supu yao ina chumvi ya kumfufua maiti.

Wana utaratibu wao hapa. Theluji ya usiku mmoja humfika mtoto kifuani, kwa hiyo kila alfajiri mtu mzima mmoja hutoka kukanyaga njia ya shule. Hufunga kanjiki chini ya viatu, yaani yale mapete ya mti uliopindwa, akakanyaga kutoka nyumba hadi nyumba mpaka mlangoni pa darasa, na baadaye watoto wanaifuata kwa mstari. Mwenye zamu anajulikana kwa kibao kilichotundikwa mlangoni pake. Akimaliza, hukitundika mlango unaofuata, na kazi inakuwa ya huyo mwingine.

Sasa sikia hili. Mwenye kibao akiutazama mlima na asiupende, anarudi ndani. Hakanyagi. Mtoto akifungua mlango na kukuta hakuna njia, basi siku hiyo hakuna shule, na hakuna anayeuliza kwa nini. Jana ilikuwa hivyo. Nilisimama na kengele mkononi mpaka Bi Ine akaangua kicheko.

"Kengele ya nini, mwanangu? Njia haijakanyagwa. Njoo unywe chai."

Kwa hiyo nakuuliza, kwa sababu wewe ndiye mwalimu mkuu na mimi ni mgeni: nani anaifunga shule hii siku za hatari? Wewe, mimi, au yeyote mwenye kibao?

Mpwa wako anayetetemeka,
Chise


Shimogo, 24 Desemba 1957

Chise, mpwa wangu,

Hujamaliza hata mwezi, tayari unatafuta likizo. Mama yako alikuwa hivyo hivyo, akiona wingu tu anaumwa tumbo.

Jibu ni mimi. Shule inafungwa kwa barua yangu yenye mhuri wangu, basi. Hebu fikiri kidogo. Darasa hilo linafunguliwa majira ya baridi tu, kwa sababu watoto wa huko hawawezi kuteremka kuja kusoma kwangu. Limejengwa kwa ajili ya theluji. Utalifungaje kwa ajili ya theluji? Ni sawa na kufunga jiko kwa sababu watu wana njaa.

Kuna jambo sikutaka kukwambia kabla hujazoea. Ofisi ya elimu inataka kulifuta darasa lenu. Wanasema mahudhurio ni mabaya, siku nyingi zinapotea bila sababu. Likifutwa, watoto hao wanane, hata yule mdogo wa miaka sita, watalala bwenini huku chini tangu Desemba hadi theluji iyeyuke, mbali na mama zao. Februari anakuja mkaguzi, Bwana Amakasu. Akikuta viti vitupu, mchezo umekwisha. Ndiyo maana sitaki kusikia habari za kibao. Iwe njia imekanyagwa au haijakanyagwa, wewe piga kengele.

Mkaza mjomba wako anakutumia soksi. Zivae zote kwa pamoja.

Mjomba wako,
Kanroku Hoshina


Kayanosawa, 10 Januari 1958

Mjomba,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Mochi, yale maandazi ya mchele ya mwaka mpya, nimekula mpaka nikaona haya. Soksi ninazo miguuni sasa hivi, zote.

Nimefanya kosa, na sijui nikueleze vipi bila wewe kunicheka.

Bwana Jinpachi aliumia mgongo akikwangua theluji kwenye paa, na kibao kilikuwa kwao. Nikasema nitakanyaga mimi. Nilianguka njia nzima, wanakijiji wakashangilia kama wako kwenye mieleka, lakini nilifika. Jioni nikakitundika kibao kwenye mlango unaofuata. Paa la nyumba hiyo lilikuwa limekwanguliwa vizuri na kizingiti kimefagiwa, sikuwa na wasiwasi wowote.

Kesho yake njia ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, ngumu, pana, imenyooka. Kwenye supu nikaisifia.

"Jirani yenu leo kakanyaga kisawasawa."

"Nani, Genta?" akasema Bwana Jinpachi. "Genta nimemsikia anakoroma mpaka sasa hivi."

"Si Genta. Huyu wa hapa katikati."

Bi Ine akaweka bakuli chini. "Mwalimu, kibao umekitundika wapi?"

"Nyumba inayofuata. Si ndivyo mlivyoniambia?"

"Ile siyo inayofuata, mwanangu. Ile ni ya Bi Towa."

"Basi huyo Bi Towa ana miguu."

"Bi Towa tulimzika mwezi wa kumi," akasema Bwana Jinpachi.

Kumbe paa la marehemu wanalikwangua wao kwa wao, lisije likaanguka. Kila aliyezaliwa hapa anajua nyumba tupu inarukwa, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Huyo Bi Towa hakuzaa, lakini alikuwa akiwakanyagia wenzake wenye watoto wachanga, maisha yake yote. Niliruka nikakichukue kibao, Bwana Jinpachi akanishika mkono wa kimono.

"Kiache. Kibao hakiondolewi na mwingine. Mwenye zamu anakitoa mwenyewe."

Kwa hiyo bado kiko pale. Nimeuliza nyumba zote, kila mtu anaapa si yeye. Na kila asubuhi, Mjomba, njia imekanyagwa.

Chise


Shimogo, 16 Januari 1958

Chise,

Nimecheka mpaka chai ikanipanda puani, mkaza mjomba wako akadhani nakata roho.

Mtoto wa mjini wewe! Wanakuchezea. Kijana fulani ameona mwalimu mgeni, mwoga, ana macho makubwa, akaona hapa kuna burudani ya msimu mzima. Huyo mtu anayefanya kazi ya wenzake kabla hawajaamka, halafu hadai hata asante, nimemtafuta katika shule zangu zote sijampata. Muulize kama ana cheti cha ualimu.

Tuongee ya maana. Bwana Amakasu na mimi tutapanda Jumatatu, tarehe tatu Februari. Tutalala kijiji cha darajani Jumapili na kufika kwako asubuhi. Nataka watoto wanane vitini, jiko linawaka, na ramani imetundikwa juu ya ile sehemu ya ukuta iliyobanduka.

Mjomba


Kayanosawa, 27 Januari 1958

Mjomba,

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena habari hizi. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na heri unicheke nikiwa nimesema.

Si kijana wa utani. Nimezitazama zile nyayo. Zinaanzia kwenye kizingiti cha Bi Towa, na hakuna nyayo zinazoingia mle. Zinaishia mlangoni pa darasa, na hakuna zinazorudi. Nikifungua nakuta sakafu kavu na majivu ya jana yamekwisha kukombwa jikoni. Tena hatua zake ni fupi. Watu wazima hapa wanakanyaga kwa hatua zao wenyewe, watoto inabidi waruke kama vyura. Njia hii imepimwa kwa miguu ya Sumi, yule wangu wa miaka sita. Watoto hawaogopi hata kidogo. Wakipita mlangoni wanainama mmoja mmoja, "Asante kwa kazi, Bi Towa." Juzi Sumi aliniambia eti Bi Towa siku hizi ana haraka.

Wiki iliyopita kulikuwa na asubuhi ya jua, anga ya buluu, na hakuna njia. Nikakutii. Nilipiga kengele mpaka bega likauma, hakuja mtu. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiwagombeza wazazi. Siku ikapita, jua likazama, mlima uko pale pale.

"Mmeona?" nikamwambia Bi Ine. "Hakuna kilichotokea!"

"Hakuna kilichotokea," akasema. "Sasa unalalamika nini?"

Tangu jana upepo ni wa joto, unatoka kusini. Barafu inadondoka kwenye mapaa mchana, usiku inaganda tena. Juu ya darasa kuna mstari mweusi umejichora katika theluji, kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwingine, na leo ni mpana kuliko jana. Nakuomba, Mjomba, niandikie barua fupi tu, na mhuri wako: njia isipokanyagwa, shule imefungwa. Hata Jumatatu ya mkaguzi. Siwataki wale watoto chini ya ule mstari.

Chise


Shimogo, 30 Januari 1958

Chise,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na sikucheka.

Siwezi. Nikimwambia Bwana Amakasu kwamba shule yangu inafungwa na marehemu, atalifuta darasa hata kabla hatujavuka daraja, na mimi atanipeleka kwa daktari. Huo mlima umesimama hapo tangu babu zao. Miaka yote ya kazi yangu sijafunga shule hata siku moja, na hakuna mtoto aliyepotea. Jitahidi siku hii moja. Baada ya hapo lala wiki nzima kama unataka, mimi nitafumba macho.

Asubuhi ya Jumatatu, watoto wote wawe ndani. Hii ni amri, na ninaiandika nikiwa mjomba wako na mkubwa wako wa kazi.

K. Hoshina


Kayanosawa, 4 Februari 1958

Mjomba,

Utanisamehe mwandiko.

Jana asubuhi njia ilikuwa haijakanyagwa. Anga safi, kimya, hata kunguru hakuna. Nilikuwa na amri yako mfukoni. Nikavaa kanjiki nikakanyaga mwenyewe, bila kuwa na kibao, mlango kwa mlango, nikigonga na kuita, "Leo shule ipo, mkaguzi anakuja!" Bwana Jinpachi alitoka akanitazama. Hakunizuia. Alisema tu, "Zamu siyo yako, mwalimu," akafunga mlango.

Nikafika darasani, nikawasha jiko, nikatundika ramani. Nikasubiri. Watoto hawaji, nanyi hamji. Kwa hasira nikatoka kurudi kijijini kuwakokota mmoja mmoja.

Njia yangu haikuwepo, Mjomba. Theluji haikuwa imeanguka wala upepo haukuvuma, lakini pale nilipokanyaga palikuwa laini kama shuka iliyotandikwa sasa hivi. Badala yake, kutoka kila mlango wenye mtoto, palikuwa na njia nyingine, ngumu, ya hatua fupi, na zote zilikwenda mahali pamoja. Nilizifuata mpaka kwa Bi Towa. Nje, viatu vyao vidogo vilikuwa vimepangwa kwa mstari, ncha zimeelekea nje. Ndani walikuwa wamekaa kuzunguka meko wote wanane, na moto unawaka.

"Mwalimu umechelewa," akasema Sumi. "Kaa. Bi Towa kasema tukae."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Ndipo mlima ukashuka.

Haikuwa kelele kama nilivyodhani. Ilikuwa pumzi, kama mtu mkubwa sana aliyechoka anashusha pumzi. Moto ulilala, milango ikabonyea ndani, masikio yakaziba. Tulipotoka, pale palipokuwa na darasa palikuwa na theluji tu, tambarare. Hata bomba la moshi halikuonekana, na lilikuwa bado linatoa moshi nilipoondoka.

Nilijua mko chini yake, wewe na mkaguzi wako. Kijiji kizima kilichimba. Mimi nilichimba kwa mikono nikikuita, mpaka tarishi akafika jioni na kusema mmeonekana darajani mkinywa pombe ya moto. Nilikulilia, Mjomba, kwa sauti, mbele za watu. Kisha nikakukasirikia kwa kuniliza bure.

Mliishia wapi?

Jambo la mwisho. Kibao hakipo tena kwenye mlango wa Bi Towa. Tumetazama milango yote ya kijiji. Hakipo.

Chise


Shimogo, 9 Februari 1958

Mwanangu Chise,

Uko hai. Nimeandika hivyo kwanza, kwa sababu ndiyo barua yenyewe, mengine ni maneno.

Ulitoka nje kwa sababu watoto hawakuja. Kama wangekutii wewe, na wewe ulikuwa unanitii mimi, wote tisa mngekuwa chini. Siachi kulifikiria. Mkaza mjomba wako ananiwekea chakula na kukiondoa.

Unauliza tuliishia wapi. Nilimwambia kila mtu kwamba Bwana Amakasu aliteguka kifundo cha mguu. Uongo. Tuliondoka darajani mapema tukakuta njia imekanyagwa, nzuri, ya kupanda kwenu. Nikajisifu, "Unaona, Bwana Mkaguzi, watu wa Kayanosawa wanavyothamini elimu?" Tukaifuata. Mkaguzi ni mtu mrefu, alinung'unika mwanzo hadi mwisho kwamba hatua ni fupi mno, eti tunatembezwa kama watoto. Njia ikapita kwenye misonobari, ikazunguka, ikatutoa darajani tena. Tukaanza upya, ikaturudisha darajani tena. Kwenye safari ya tatu tulisikia ule mshindo kutoka juu, na hatukutaka kwenda popote. Amakasu ameandika kwamba darasa liendelee, katika nyumba yoyote mtakayoiona inafaa. Anasema hana haja ya kuja kuikagua.

Sasa naomba unijibu kwa unyoofu. Asubuhi hii nilifungua mlango wangu nikakuta kimetundikwa kibao cha mti, cheusi kwa moshi, maandishi yamefutika. Kamba yake imeganda kwa barafu. Hapa kwetu hakujaganda tangu Alhamisi. Mtaa mzima haukuona mtu.

Kama ni utani wenu, ni haki yenu kabisa, nami nitacheka. Niambie tu kwamba ni utani.

Mjomba wako


Kayanosawa, 14 Februari 1958

Mjomba,

Si utani. Nimewasomea barua yako hapa kwa Bi Towa, ambako sasa tunasomea, na Bwana Jinpachi amekwenda nje akakaa huko muda mrefu.

Anasema ni zamu yako. Aliyekupa kibao ameikumbuka shule ya kwako pia, na watoto wako wanaoifikia kwa kupita ukingo wa mto. Utatoka kabla hakujapambazuka, utatazama, utasikiliza. Ukipapenda, kanyaga. Usipopapenda, rudi ndani. Hakuna barua ya kukusaidia, na mhuri wako uache sandukuni.

Kanyaga hatua fupi.

Chise


Shimogo, 20 Februari 1958

Chise,

Siku mbili za kwanza nilikanyaga. Walimu wangu walinichungulia madirishani, na mwenye duka la samaki akaniuliza kama mke wangu amenifukuza. Watoto walipita nyuma yangu na hakuna aliyeanguka.

Jumatano nilitoka nikasimama kwenye ukingo. Theluji ilikuwa imelala nzuri, nyota zinaonekana, sababu yoyote ya kuogopa sikuwa nayo. Nikainua mguu. Kando yangu, karibu kabisa, theluji ikabonyea chini polepole, kama anaposimama mtu mzee, na hapakuwa na mtu. Haikusogea mbele. Nikasubiri nayo sijui muda gani. Nikaushusha mguu wangu palepale, nikarudi nyumbani, nikamwambia msimamizi wa shule asipige kengele. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Siku nzima jua liliwaka. Wazazi walinisema mpaka masikio yakawaka moto. "Mwalimu mkuu, hili jua ndilo linakutisha?" Nilikaa uani nikautazama ukingo mpaka giza likaingia. Mto ulikaa mahali pake. Hakuna kilichotokea, Chise. Nimefundisha maisha yangu yote, na sikujua kwamba hicho ndicho kitu ambacho mwenye kibao anakitafuta.

Jioni nilitaka kukitundika kibao mlango wa jirani. Nikakikuta hakipo kwenye msumari. Kutoka kizingiti changu palikuwa na nyayo za kanjiki zinazoelekea huko kwenu juu, hatua fupi fupi, za kumfaa mtoto. Niliziinamia mlangoni kama wanafunzi wako wanavyofanya, nikasema asante kwa kazi.

Ukikiona kibao kwenye mlango wowote, usiulize kwangu. Mwenye nacho ndiye anayejua.

Mjomba wako,
Kanroku